Koti la Mhandisi Sondo

Ipo nchi moja ambayo sheria yake hairuhusu itajwe na mtu asiye na kibali cha kuitaja. Kwa hiyo haitatajwa hapa, na msomaji anayedhani ameitambua anaombwa kwa heshima asiseme kwa sauti. Nchi hiyo iliwapenda wageni wenye ujuzi kuliko nchi nyingine yoyote. Iliwapenda hata ikawajengea tao la saruji mpakani, na juu ya tao yakaandikwa kwa rangi ya dhahabu maneno haya: UJUZI WAKO NI WETU. Wageni wengi walipoyasoma walifarijika. Wachache tu walisimama kuyasoma mara ya pili.

Mwatumu, mhandisi wa maji, hakuwa na nafasi ya kuyasoma mara ya pili. Alikuwa ametoka katika nchi iliyokuwa imekwisha. Kwanza yalikwisha maji, ikafuata serikali, kisha watu wenyewe wakaanza kumalizana kwenye foleni za visima. Alichofanikiwa kutoka nacho kilikuwa ni mwanawe, Siwema, binti wa miaka tisa aliyezoea kuuliza maswali yanayohitaji majibu.

Afisa wa mpaka alimpokea kwa bashasha isiyo kifani.

"Mhandisi wa maji! Mama, ulikuwa wapi siku zote? Mabomba ya Mji Mkuu yanakohoa vumbi!"

"Basi naweza kuanza hata kesho."

"Utaanza mara utakapopata kazi inayostahili," akasema afisa, na hapo akamsomea sheria.

Ilikuwa sheria ya upole. Mgeni mwenye ujuzi angeingia mjini peke yake, ili asisumbuliwe na familia wakati wa kutafuta kazi. Familia ingetunzwa na serikali katika Nyumba ya Matumaini, hapo hapo mpakani, mpaka mgeni apate kazi inayostahili ujuzi wake. Asipoipata hadi Siku ya Bendera, Nyumba ingepakwa rangi kwa ajili ya sherehe, na waliomo wangerudishwa kwa lori walikotoka, ili wasidhurike na harufu ya rangi. Tena, kwa kumkinga mgeni na unyonyaji, sheria iliongeza kwamba akionekana akifanya kazi isiyostahili, iwe kukaanga mihogo au kufua nguo za watu, kazi hiyo ndiyo ingehesabiwa kuwa inamstahili, na milango mingine yote ingefungwa.

"Sasa nitakula nini?" Mwatumu akauliza.

Afisa alimtazama kwa masikitiko. "Mama, mtu wa hadhi yako haulizi swali kama hilo."

Siwema aliyasikiliza mazungumzo hayo yote akiwa amemshika mama yake kidole kimoja. Walipofika kwenye lango la Nyumba ya Matumaini akauliza, "Utarudi lini?"

"Nikipata kazi."

"Kwani wao wana maji?"

"Hawana."

"Basi utaipata leo," akasema Siwema, akakiachia kidole.

Mwatumu aliipima hoja hiyo pande zote, kama alivyofundishwa kupima mambo, asiione kasoro yoyote.

*

Idara ya Kuwastahilisha Wageni Wenye Ujuzi ilikuwa na jengo refu kuliko yote mjini, na watumishi wengi kuliko wageni iliowahi kuwahudumia. Mwatumu alikabidhiwa kwa Bwana Kalembo, Mstahilishaji Mkuu, mtu mnene mwenye moyo mzuri, aliyezungumza na mgeni mmoja kwa sauti ya kuhutubia uwanja wa mpira.

"Mama, tuelewane tangu mwanzo," alisema. "Sisi hatukutafutii kazi. Kutafuta kazi ni haki yako, na hatuwezi kukunyang'anya haki. Sisi tunakustahilisha!"

Alistahilishwa. Alihudhuria semina ya Kujiamini, semina ya Kupeana Mikono, na semina iliyoitwa Namna ya Kuingia Ofisini, ambayo ilifuatwa na ile ya Namna ya Kutoka. Jirani yake darasani alikuwa daktari wa moyo aliyekwisha kurudia semina hizo mara nyingi. Hakukuwa na mtu katika nchi nzima aliyejua kuingia ofisini kwa madaha kama yeye. Aliinama kidogo mlangoni, akatabasamu kwa kiasi, akasubiri kukaribishwa. Walimu waliwaita watumishi wenzao waje wamtazame. Ofisi ya kuingia ndiyo ilikuwa bado haijapatikana.

Jioni Mwatumu alitembea mitaani akiwatazama akina mama waliopanga ndoo mbele ya mabomba yasiyotoa kitu. Kwa kuyasikiliza tu mabomba hayo alikuwa ameshajua ugonjwa wake. Siku moja muuza chapati aliyekuwa na haraka ya kwenda msalani alimwita, "Dada, nigeuzie hizi mbili tu, ukimaliza moja yako." Mwatumu alikuwa hajala tangu jana yake. Alinyoosha mkono, kisha akaona ng'ambo ya barabara Mkaguzi wa Kazi Zisizostahili, amesimama na filimbi mdomoni, anangoja. Akaurudisha mkono. Chapati zikaungua mbele yake, na harufu yake ikamfuata hadi kitandani.

Alimwendea Bwana Kalembo. "Idara ya Maji ina mhandisi?"

"Inaye. Mhandisi Eliakimu Sondo. Mtu makini kupita kiasi. Hajakosa kazini hata siku moja."

"Mabomba yamekauka, Bwana Kalembo."

"Ndiyo maana nasema makini. Mwingine angekuwa ameshakata tamaa."

"Naweza kuonana naye? Labda anahitaji msaidizi."

"Nenda, mama. Yupo."

*

Ofisi kuu ya Idara ya Maji ilikuwa ukumbi mpana wenye meza zilizopangwa kwa mistari. Kila meza ilikuwa na kiti, kila kiti kilikuwa na koti mgongoni mwake, na mbele ya kila koti palikuwa na kikombe cha chai kinachotoa moshi. Kiumbe pekee aliyekuwa akitembea humo alikuwa Bi Lusia, mpika chai, mwanamke mzee aliyevaa kandambili ili asiwasumbue wakubwa kwa kishindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti chini, wako kazini."

"Namtafuta Mhandisi Sondo."

"Yule pale dirishani, wa kijivu."

"Naona koti."

"Ndiyo. Yupo."

"Mwenyewe je?"

"Ametoka kidogo."

"Ametoka lini?"

Bi Lusia alifikiri. "Kitinda mimba wangu alikuwa hajaota meno. Sasa ananiletea wajukuu."

Mwatumu alikaa sakafuni. Bi Lusia akamhurumia, akampa historia ya taifa, ambayo ilikuwa fupi. Kiongozi Mwasisi alitoka kidogo siku moja baada ya chakula cha mchana, akaacha koti lake kitini. Ilipofika jioni mawaziri walijadiliana kama yupo au hayupo. Waziri mmoja alisema hayupo. Wenzake walimwuliza, kwa upole, kama yuko tayari kuyarudia maneno hayo mbele ya koti. Hakuwa tayari. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba penye koti pana mtu, na wanahistoria wote wenye vibali wanakubaliana kwamba hakuna kiongozi aliyewahi kufanya makosa machache kiasi hicho. Watumishi wa umma waliiga mfano huo kwa uzalendo, ofisi moja baada ya nyingine. Makoti yalipandishwa vyeo. Yalipoenda kwa dobi yalihesabiwa kuwa yako likizo. Koti la Mkurugenzi lilikuwa limepelekwa ng'ambo kwenye mkutano wa ukame, likarudi na nishani kifuani.

"Na chai yao hunywewa na nani?" akauliza Mwatumu, ambaye macho yake hayakuwa yamekiacha kikombe cha Mhandisi Sondo.

"Ikipoa tunasema wamekunywa." Bi Lusia akatazama mlangoni, akakisogeza kikombe. "Chukua. Yeye hapendi yenye sukari. Ila geukia ukutani, asikuone."

Mwatumu aligeukia ukutani, akanywa. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi kumngoja Mhandisi Sondo arudi. Siku ya Bendera ilikuwa inakaribia. Mitaani walikuwa wameanza kuning'iniza vitambaa.

*

Ikatokea kwamba tangi la zamani lililokuwa juu ya paa la Idara ya Maji, ambalo ndilo pekee mjini lililokuwa bado na maji, likapasuka. Dari ikalowa, kisha ikaanza kuvuja, na matone yakachagua kuangukia dirishani, juu ya koti la kijivu.

Hapo ndipo Mwatumu alipofanya kosa ambalo mzaliwa wa nchi ile, hata angekuwa mtoto wa kunyonya, asingelifanya kamwe. Aliona koti linalowa. Kwao, koti linalolowa huondolewa. Alilinyanyua kitini, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari penye upepo.

Birika lilimponyoka Bi Lusia.

"Mwanangu," alinong'ona, "umemwachisha kazi Mhandisi."

Kiti kilikuwa wazi. Hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuona kiti cha serikali kikiwa wazi, na makarani wa ofisi za jirani waliokimbilia mlangoni walilazimika kuyageuza macho, kama watu waliomkuta mkubwa wao bafuni.

Kesi ilisikilizwa siku iyo hiyo. Joho la Hakimu lilikuwa limetandazwa kwenye kiti kirefu, na kando yake alisimama karani mwenye kazi ya kutega sikio kwenye joho na kuwaeleza wengine lilichoamua. Koti la Mhandisi Sondo, likiwa bado bichi, liliketishwa upande wa mlalamikaji. Upande wa pili alisimama Mwatumu, ambaye alikuwa ndiye mtu wa pekee katika kesi hiyo aliyefika mwenyewe.

"Mlalamikaji ana la kusema?" akauliza karani.

Watu wote walilitazama koti. Tone moja la maji lilianguka kutoka kwenye mkono wake wa kulia.

"Analia," akasema mwendesha mashtaka, na ukumbi ukaguswa.

Adhabu ya kumwachisha kazi mtumishi wa umma, kwa mgeni, ilikuwa kurudishwa alikotoka yeye na familia yake kabla ya jua kuchwa. Mwatumu alifumbua mdomo aeleze habari za dari, akaambiwa dari haimo katika mashtaka. Ndipo Bwana Kalembo aliposimama. Jengo lake refu halikuwa limemstahilisha mgeni yeyote mwaka ule, na Siku ya Bendera ilimtaka asome taarifa ya mafanikio. Huenda pia alimhurumia. Moyo wake, kama ilivyosemwa, ulikuwa mzuri.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema akiliinamia joho, "mteja wangu hakumwondoa Mhandisi kitini. Alikuwa anamvalisha koti. Toka lini mtu kusaidiwa kuvaa koti lake kukawa ni kuachishwa kazi?"

Minong'ono ikapita. Karani akatega sikio kwenye joho kwa muda mrefu.

"Hakimu anauliza: alikuwa anamvalisha nani?"

Bwana Kalembo alimgeukia Mwatumu. "Nyoosha mikono, mama."

"Bwana Kalembo, mimi si—"

"Nyoosha mikono. Lori liko nje."

Alinyoosha mikono. Koti lilikuwa zito na la baridi, linanuka dawa ya nondo, na mikono yake ilimfunika mpaka kwenye kucha. Lilipofungwa kifungo, ukumbi mzima ulisimama kwa heshima.

"Naam," akasema karani. "Mhandisi ameinuka mwenyewe. Hapana kesi."

"Na mshtakiwa?" akauliza mwendesha mashtaka.

Walitazama kila upande. Walitazama chini ya benchi. Askari mmoja alimwomba Mwatumu radhi, akamsogeza kidogo, akatazama nyuma yake.

"Hayupo," karani akatamka. "Basi asakwe."

Nje ya mahakama Bwana Kalembo alimshika mkono kwa mtindo uliofundishwa katika semina. "Sikukuambia tutakustahilisha?"

"Siwema je?"

"Nani?"

"Mwanangu. Yuko mpakani. Sheria inasema nikipata kazi inayostahili—"

"Kazi kwanza, Bwana Mhandisi," akasema Kalembo, akitazama huku na huku. "Mengine yatafuata."

*

Mwatumu alifanya kazi kama mtu anayechimba ukuta wa gereza. Aliingia kwenye mashimo ambayo hayakuwa yameingiwa na mtu tangu nchi ijitawale, akafungua vali zilizoshikana kwa kutu, akabadilisha mipira ya pampu, akawafundisha makarani tofauti ya bomba la kuleta na bomba la kupeleka. Kila mahali walimwita Bwana Mhandisi. Mwanzoni aligeuka nyuma kumtazama anayeitwa. Baadaye akaacha kugeuka, na usiku wa siku ile aliyoacha alilia, kisha akarudi kwenye vali.

Maji yalitoka. Yalitoka kwanza mekundu, kisha ya kahawia, kisha meupe, na akina mama wa mtaa wa muuza chapati walipiga vigelegele hadi sauti zikawakauka. Gazeti la serikali liliandika kwa herufi kubwa: MHANDISI SONDO AINUKA KITINI. Waziri wa Maji, ambaye alikuwa mmoja wa wachache wenye mazoea ya kuja na koti lake likiwa mwilini, alifungua bomba mbele ya umati.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo watu wanaopita wakidai kwamba nchi hii haiwezi kujiendesha bila wageni wenye ujuzi. Leo Mhandisi Sondo, mzalendo, mzaliwa wa hapa hapa, amewaumbua! Alikaa. Alitafakari. Hakukurupuka! Na maji, ndugu zangu, yametoka yenyewe kwa kumheshimu!"

Mhandisi Sondo aliombwa asogee mbele apigiwe makofi. Mwatumu akasogea. Alichokuwa anakisikia si makofi bali mlio wa nyundo: kandokando ya uwanja mafundi walikuwa wanajenga jukwaa la Siku ya Bendera.

Siku hiyo hiyo mchana aliingia ofisini mwanamke mrefu aliyebeba hotipoti, akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi meza ya mwisho, "Baba Jeni! Umekaa kitini miaka yote hiyo hata salamu hakuna? Haya, karibu chakula!"

Kisha akavuta kiti, akainamisha kichwa na kusema taratibu, "Dada, usiogope. Mimi ni mkewe. Najua wewe si yeye."

Mwatumu hakujua ashike kijiko au akimbie.

"Kula kwanza. Wewe ni mifupa mitupu. Mume wangu alitoka kidogo kununua viatu, akahamia kwa mwanamke mwingine ng'ambo ya mto, na viatu hajanunua hadi leo. Lakini nikisema hivyo nimesema hayupo. Na akiwa hayupo, nyumba ya serikali tunayoishi tutaiona kwa nje."

"Mama Jeni," alisema Mwatumu, "nina mtoto kwenye Nyumba ya Matumaini. Mwandikishe kuwa wenu. Nakusihi."

Mama Jeni aliweka kijiko chini. Uso wake ulifanya jitihada, na ilionekana kwamba alikuwa akitafuta njia kweli.

"Tunao sita, wote wanajulikana. Nikileta wa saba wataniuliza nimempata vipi, na baba yao wakati wote huo alikuwa kitini hapa, mbele ya mashahidi." Akamwongezea wali. "Nisamehe, mwenzangu. Hilo haliwezekani hata kwa koti."

*

Siku moja kabla ya Siku ya Bendera, Mwatumu aliingia kwa Bwana Kalembo bila kuinama mlangoni.

"Mtoto wangu anarudishwa kesho. Nimefanya kazi. Kazi inastahili. Mji mzima unaoga."

"Mji mzima unaoga kwa juhudi za Mhandisi Sondo," akasema Kalembo kwa upole. "Mhandisi ana kazi inayostahili, lakini huyo mtoto si wake. Mama wa mtoto ni mgeni mmoja anaitwa Mwatumu. Huyo hana kazi. Tena anasakwa."

Mwatumu alianza kufungua vifungo. Bwana Kalembo aliyafunika macho yake kwa viganja vyote viwili.

"Usifanye hivyo! Sijakuona! Nikikuona itanilazimu kuita askari, na mimi sitaki kuita askari. Vaa, mama. Vaa, nakuomba. Vaa nikuambie jambo."

Mwatumu akavaa. Kalembo alichungulia katikati ya vidole, akashusha pumzi.

"Mtumishi wa daraja la Mhandisi anaruhusiwa kuchukua mtoto mmoja wa Nyumba ya Matumaini awe mtumishi wake wa ndani. Hakuna atakayeuliza. Atapika, atafua. Bila shaka, kazi hiyo ndiyo itakayohesabiwa kuwa inamstahili, maisha yake yote. Shule hataenda. Na atakuita Bwana, hata mkiwa wawili, maana kuta zina watumishi." Hapo sauti yake ya uwanjani ilipotea, akazungumza kama mtu wa kawaida. "Lakini atakuwa hai, mama. Atakuwa jikoni kwako. Unajua mwenyewe kulivyo kwenu."

Alijua. Njia nzima ya kwenda mpakani, akiwa kwenye gari la Idara, alijiambia kwamba anajua. Alijiambia kuwa mtoto anayepika ni mtoto anayekula. Jina, alijiambia, ni kitu cha kutamkwa tu, na yeye mwenyewe ameishi bila la kwake na hajafa. Alipoliona tao la saruji, alfajiri ya Siku ya Bendera, alikuwa amekwisha kukubali.

*

Nyumba ya Matumaini ilikuwa imezungukwa na makopo ya rangi. Lori lilikuwa limewashwa, na waliokuwa wamepakiwa walikuwa wamekumbatia madebe matupu, kama watu wanaojua wanakokwenda. Mlinzi wa lango aliruka akapiga saluti mbele ya koti la kijivu. Mwangalizi wa watoto, mwanamama nadhifu mwenye fimbo ya kuashiria, aliposikia kwamba Mhandisi anamtaka Siwema awe mtumishi wake alifurahi.

"Umekuja wakati mzuri, bwana. Huyu bado hajapanda. Ni mwerevu, na amefundishika." Akapaza sauti. "Siwema! Njoo umwamkie Mhandisi."

Alikuja. Alikuwa amenyolewa nywele, amerefuka, na kanzu aliyoachwa nayo ilikuwa imemwishia magotini. Alisimama pale alipooneshwa na fimbo. Macho yake yalipanda kutoka kwenye pindo la koti hadi kwenye ukosi, na kwenye ukosi yakasimama.

"Shikamoo, bwana."

Mwatumu alikuwa amejiandaa kwa machozi yake na ya mtoto. Alikuwa amejiandaa kumkonyeza, kumfinya kiganja, kumwashiria anyamaze. Hakuwa amejiandaa kwa sauti ile, iliyonyooka, isiyouliza kitu.

"Siwema," alisema.

"Naam, bwana."

"Mweleze Mhandisi unayoyajua," akasema mwangalizi.

"Najua kupika, kufua, kuteka maji, na kutomtazama mkubwa juu ya ukosi."

"Nitazame," Mwatumu akasema.

Mtoto akageuza kichwa kuomba idhini ya fimbo. Fimbo haikusogea.

"Si ruhusa, bwana."

Wenye busara wa nchi ile wamelijadili sana jambo lililofuata, na mpaka leo hawajakubaliana sababu yake, kwa kuwa Mhandisi alikuwa na cheo kizuri na hakuna kilichomlazimisha. Alifungua kifungo cha kwanza, kisha cha pili.

"Bwana Mhandisi, kuna baridi," mlinzi akamsihi. "Bwana Mhandisi, tafadhali, usitoke hapa, sina pa kukuweka!"

Koti lilikuwa limeshafika mabegani. Mlinzi, kwa hofu, alikimbia akaleta kiti chake mwenyewe, akakifuta kwa kofia, na Mwatumu akalitundika koti mgongoni mwa kiti kile. Mlinzi akalipigia saluti, akasubiri, akaona halikukasirika, akapumua. Ndipo alipomgeukia mwanamke mwembamba aliyesimama mbele yake.

"Na wewe mama, umetokea wapi? Wewe ni nani?"

"Mama yake."

"Una kazi inayostahili?"

"Sina."

"Basi unachelewesha lori."

Siwema alikuwa ameinua macho. Alimtazama mama yake kwanza kwa kumchunguza, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, kisha akashika kidole chake kimoja. Walipandishwa nyuma pamoja na wengine. Mwanamume mmoja alisogeza debe lake ili wapate pa kukaa, na dereva akaondoa gari bila kuambiwa.

Walikwenda mwendo mrefu. Barabara iliacha kuwa lami, kisha ikaacha kuwa barabara. Vumbi la nchi iliyokwisha lilianza kuingia kwenye turubai.

"Mama," akasema Siwema. "Ulipata kazi?"

"Niliipata."

"Maji yalitoka?"

"Yalitoka mji mzima."

Mtoto alikunja uso. Swali lake la zamani lilikuwa likirudi polepole, likitafuta njia.

"Sasa mbona wameturudisha?"

Mwatumu alimvuta, akamkinga masikio na upepo.

"Mhandisi wamembakiza," alisema. "Waliorudishwa ni sisi."